Shanga Hauzwi Rejareja

Kwenye grupu la mdogo wangu Abdulrahim, ukisahau kusalimia unasamehewa, lakini ukisahau kutaja jina la bidhaa hausamehewi. Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe na kuibandika juu kabisa, ili hata anayeingia leo akutane nayo mlangoni. Hoja yake ni kwamba mteja wa Arusha au Dar es Salaam akiandika "shanga" kwenye sehemu ya kutafutia, tangazo lisilo na neno hilo halimfikii, hata kama mkanda wenyewe umejaa shanga mwanzo mpaka mwisho. Ni hoja nzuri. Shida ya Abdulrahim ni kwamba akishapata hoja moja nzuri anaipanda kama punda, na hashuki tena hata akifika nyumbani.

Mimi ni dada yake mkubwa, Shamimu. Tuna duka moja Katesh, karibu na stendi, lenye pande mbili na ugomvi mmoja. Yeye anauza simu na kubadilisha vioo vilivyopasuka. Mimi nauza shanga za pakiti, uzi wa nailoni, sindano na vishikizo. Juu ya mlango yapo maandishi makubwa mekundu aliyoyaandikisha marehemu baba yetu, Mzee Zubery, aliyetoka Kondoa zamani kufuata biashara ya ngozi: SHANGA JUMLA NA REJAREJA. Nimepita chini ya maneno hayo tangu nikiwa na sare ya shule, na sikuwahi kufikiri kwamba yanaweza kumvunjia mtu heshima.

Grupu linaitwa Shanga za Hanang na Mbulu. Abdulrahim alilianzisha kwenye WhatsApp ili akina mama wanaotengeneza vitu kwa mikono wawapate wanunuzi bila kupitia kwa madalali. Wamo wasuka vikapu wa Masieda, wamo wafumaji wa Dongobesh, wamo wenye maduka wa Babati na Arusha, na wamo wale walioingia kwa kubonyeza kiungo tu, wakakaa kimya kama watu waliofika msibani bila kumjua marehemu. Katika hao wa kimya nilimzoea mmoja. Namba yake haikuwa na jina, na picha yake ilikuwa ng'ombe mwekundu. Hajawahi kuandika hata nukta. Lakini kila nilipotuma ujumbe wa sauti na kuangalia nani kausikiliza, ng'ombe alikuwemo, tena wa kwanza. Nilimpenda kidogo, maana nyumbani kwetu hakuna anayenisikiliza mpaka mwisho.

Sasa Perpetua. Alikuwa mteja wangu muda mrefu kabla hajawa rafiki yangu. Ni Mbarabaig, ameolewa kwenye boma la wafugaji huko Getanuwas, na mikono kama yake sijaiona. Akichukua ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta, akaishonea shanga nyeupe, nyekundu na buluu, mkanda ule unaweza kumfanya hata mwanamke mnene kama mimi akitafute kiuno chake upya. Dukani hakuwa na maneno mengi. Alikuwa anaelekeza kidole: "Nipe zile. Na zile za chini. Hapana, si hizo, zile." Nilidhani ana maringo, na kwa kuwa na mimi ninayo, tulielewana.

Siku za mnada madalali walikuwa wananunua kazi zake kwa fungu, kama nyanya, kisha wanapanda nazo basi la Arusha.

"Nilienda Arusha kumsalimia dada yangu," aliniambia siku moja, "nikaona mkanda wangu dukani. Umekuwa Mmasai."

Alisema kwa uchungu kweli. Nami nikaona uchungu ule una dawa, nikachukua simu yake na kumwingiza kwenye grupu siku hiyohiyo.

Tangazo lake la kwanza lilikuwa picha tatu na ujumbe wa sauti. Abdulrahim alilifuta kabla sijamaliza chai. Bidhaa haikutajwa. Akatuma la pili, likafutwa. La tatu lilianza vizuri, "Habari zenu wanagrupu, mimi ninauza hii kitu mnaiona," nalo likafutwa kwenye "mnaiona". Nilipomwona amekuja dukani nikamvaa pale pale mlangoni.

"Perpetua, neno moja tu linakushinda nini?"

Alitazama huku na huku, akanivuta mkono mpaka nyuma ya pazia, kwenye maboksi.

"Dada Shamimu, ile neno siwezi."

"Neno gani?"

"Ile umeandika juu ya mlango."

"Jumla?"

"Ya kwanza."

"Shanga?"

Akainamisha kichwa kana kwamba nimemwaga kitu mbele ya wageni. "Ni baba," alisema. "Baba mkwe."

Ndipo nikaelezwa. Kwa Wabarabaig, mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo. Analizunguka, kama unavyomzunguka mzee aliyekaa njiani badala ya kumruka. Hiyo nilikuwa naijua kidogo, kama anavyoijua kila mtu wa Katesh. Nisichokijua ni kwamba baba mkwe wa Perpetua, ujanani, alikuwa mtanashati wa kupindukia. Alikuwa anaingia mnadani na shanga shingoni mpaka kidevuni, mikononi mpaka kwenye kiwiko, watu wanaacha kutazama ng'ombe wanamtazama yeye. Wanunuzi wa ngozi, baba yangu akiwemo, wakaanza kumwita Shanga. Jina likamkaa kuliko alilozaliwa nalo. Siku Perpetua alipoolewa, neno hilo likafungwa mdomoni mwake.

"Kwa hiyo kila ukiingia hapa dukani..."

"Ninaingia chini ya baba mkwe," alisema. "Anauzwa jumla na rejareja."

Alisema kwa uso mkavu kabisa. Halafu nikamwona bega linatikisika, na langu likaanza, tukacheka nyuma ya lile pazia mpaka Abdulrahim akauliza kama kuna panya.

"Lakini Perpetua, wewe si umebatizwa?"

"Nimebatizwa mimi. Mdomo wangu bado ni wa nyumbani."

Nikamwambia basi nitamwandikia. Nitaweka neno mimi, kwa kidole changu, dhambi iwe yangu. Akakataa. Likiandikwa chini ya jina lake ni yeye amesema, na mumewe Felician anamsomea mama yake kila kinachoingia kwenye simu. "Nitakaaje kwenye ile nyumba?" aliuliza. Nikamuuliza wao wenyewe nyumbani wanaziitaje, maana wake wa boma hilo si mabubu, na wote wanazivaa.

Akaniambia kwa lugha yao, kisha akajaribu kugeuza. "Kwa Kiswahili ni kama... mbegu zisizoota."

Nilipiga kofi kwa furaha. Nikaenda upande wa pili wa duka, nikamkumbusha Abdulrahim kwa upole ni nani anayempikia, na tangazo la nne likapita.

Nalikumbuka lote. "Habari zenu wanagrupu. Mimi ni Perpetua wa Getanuwas. Nina mbegu zisizoota, nyekundu, nyeupe na buluu. Hazinywi maji, ndege hawali, jua haichomi. Ukivaa kiunoni, mwanamume wako anarudi nyumbani mapema. Karibuni." Grupu liliwaka moto. Vicheko, mikono ya kupiga makofi, maua. Imakulata, mwenye duka la vitu vya harusi kule Babati, aliandika kwamba anatafuta mtu mmoja wa kumtengenezea mikanda kila mwezi, yenye jina la aliyeitengeneza na mahali ilipotoka, na kwamba amependa mikono hii. Nilimsomea Perpetua ujumbe huo. Akaniomba niusome tena pale penye jina lake.

Hapo ndipo wakulima wa Masakta walipoingia.

Tangazo zuri halikai nyumbani. Mtu alimrushia shemeji yake, shemeji akalirusha kwenye grupu la wakulima, na wakati wenyewe ulikuwa ule wa kuelekea mvua, watu wanatafuta mbegu na wengi bado wana kidonda cha mwaka uliopita. Picha ziliachwa njiani, ikafika sauti peke yake. Sauti ya mwanamke mchangamfu anayeuza mbegu zisizoota.

Asubuhi moja mwanamume mmoja alishuka kwenye bodaboda mbele ya duka, koti limejaa vumbi, akaingia bila hodi. Alikuwa Herman, mkulima wa alizeti.

"Nani hapa anauza mbegu zisizoota?"

"Karibu kwanza," nilisema. "Shikamoo haisemwi kwangu, lakini habari ya asubuhi inasemwa."

"Habari ya asubuhi, mama. Nani anauza mbegu zisizoota?" Alishika kaunta kwa mikono miwili. "Msimu uliopita niliuziwa alizeti, nikapanda, haikutoka hata moja. Lakini yule mwizi angalau alikuwa na haya! Aliapa zitaota! Huyu wenu hafichi, anatangaza, tena anacheka! Eti ndege hawali. Ndege gani atakula mbegu mfu?"

Perpetua alikuwa nyuma ya pazia anachagua rangi. Akatoka, mrefu, ametulia, akauweka mkanda juu ya kaunta.

"Ni mimi. Na mbegu ni hizi."

Herman aliutazama. Akauinua. Akaupeleka mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole juu ya mistari, taratibu, kama mtu anayehesabu mimea iliyotoka.

"Hizi ndizo mbegu?"

"Ndizo."

"Na hazioti."

"Panda. Zikiota, niletee, nitaacha kazi."

"Sasa mama, mbona usiseme tu ni sha..."

Nilimziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia kaunta. Si ustaarabu, najua, na kitambaa hakikuwa safi, lakini ilibidi. Nilipomweleza sababu pembeni, kwa kunong'ona, mtu yule aliona aibu hadi masikioni. Akasema atawaambia wenzake wa Masakta. Aliwaambia kweli. Ila uongo ulikuwa umeshapanda pikipiki, na ukweli wake ulikuwa unatembea kwa miguu.

Siku iliyofuata bwana shamba mmoja alimpigia Abdulrahim simu kumuuliza grupu lake limesajiliwa wapi kuuza pembejeo. Mdogo wangu akaloa jasho. Mtu wa kanuni akiguswa na kanuni ya mwingine, hasira yake haipozwi kwa maji. Akaandika kwenye grupu kwa herufi kubwa: Jumamosi saa nne asubuhi, mwanachama Perpetua atatuma ujumbe wa sauti na kutamka wazi jina la bidhaa anayouza. Asipotamka, ataondolewa.

Imakulata wa Babati akaandika chini yake: "Mimi nasubiri hiyo Jumamosi. Siwezi kufanya kazi na mtu anayeshukiwa."

Nilimfuata Abdulrahim kwenye upande wake wa duka. Nikamweleza yote, mkwe, mnada, shingo ya shanga, yote. Alinisikiliza huku anapuliza vumbi kwenye simu ya mtu.

"Dada, mila ni mila na biashara ni biashara. Ni neno moja. Analisema, anatema mate, anaendelea na maisha. Kwani nani atamsikia? Baba mkwe wake yumo kwenye grupu?"

"Basi niwaeleze watu mimi."

"Eleza."

Lakini Perpetua hakukubali. Nikieleza, alisema, itabidi nimtaje mzee kwamba ndiye, na wanagrupu watalifanya jina lake kichekesho, na chanzo kitakuwa yeye. Niliona hasira zinanipanda. Kumbe huyu mwanamke, ili auze kazi ya mikono yake kwa jina lake, lazima aliuze jina la mtu mwingine. Nililala nimeununia ulimwengu mzima, pamoja na mume wangu ambaye hakuwa na kosa.

Jumamosi alifika mapema. Amejipaka mafuta, amevaa bangili zake zote, kama anayekwenda harusini au mahakamani. Herman naye alikuja, akakaa kwenye gunia karibu na mlango. Alisema yeye ndiye aliyeleta balaa hadi hapa na hawezi kukaa Masakta akisubiri habari. Saa nne ilipofika Abdulrahim alisogeza kiti, akamwekea Perpetua simu mkononi. Nitamsifu kwa hili: alikuwa na adabu.

"Mama, bonyeza hapa. Sema 'nauza shanga'. Achia. Basi."

Perpetua alimtazama. "Kaka Abdulrahim, wewe unaweza kumtaja baba yako kwa watu, useme unamuuza, na bei inapungua?"

"Baba yangu ni marehemu."

"Wewe umepona."

Herman akakohoa kwenye kiganja. Perpetua akabonyeza. Nikajikuta namwomba Mungu bila kujua naomba lipi, atamke au asitamke.

"Mimi ni Perpetua wa Getanuwas," alisema. "Ninauza..."

Ikapita bodaboda nje. Jogoo wa jirani akawika. Kondakta wa basi la Singida akaita abiria. Kidole cha Perpetua kilikuwa kimekandamiza kioo mpaka ukucha umekuwa mweupe, midomo imejikunja kwenye ile "sh", naapa niliiona, imefika pale pale. Halafu akaifunga. Akaachia kidole, na ujumbe ukaenda hivyo hivyo, na bodaboda na jogoo wake.

Imakulata akaandika: "Unauza nini dada?"

Perpetua aliweka simu juu ya kaunta na kuanza kukunja mikanda yake. Hakulia. Alikuwa anaikunja vizuri, mmoja juu ya mwingine, na mimi ndiye niliyekuwa na machozi. Abdulrahim akachukua simu yake mwenyewe, akafungua jina la Perpetua kwenye grupu, akafika palipoandikwa "Ondoa". Namjua mdogo wangu, hakufurahi. Lakini punda alikuwa ameshapandwa.

Simu zetu zote zikalia kwa pamoja. Ujumbe wa sauti. Ng'ombe Mwekundu.

Kwanza ikasikika ndama, kisha mtu anakohoa, kisha sauti nzito ya mzee, karibu mno na simu. "Nyinyi watu. Mbona hamuniamkii?"

Ukaishia hapo. Ukaja wa pili.

"Nimekaa humu tangu mvua ya mwaka jana. Felician alininunulia simu ya kusikia bei ya ng'ombe. Nikaambiwa iko grupu Katesh ina jina langu. Nikasema niwekeni, kama wanaongea habari yangu nisikie. Nimesikiliza vikapu. Nimesikiliza vitambaa. Nimesikiliza yule mama wa dukani anaongea mpaka maziwa yanaganda. Hakuna hata mmoja ameniambia shikamoo."

Yule mama wa dukani ni mimi. Lakini sikupata nafasi ya kukasirika, maana Perpetua alikuwa ameshajifunika shuka usoni. "Ni baba," alinong'ona. "Ni yeye mwenyewe."

Mnajua adabu ya kwetu. Mzee akishasema hamjamwamkia, hakuna linaloendelea. Grupu zima likaanza: shikamoo ya Masieda, shikamoo ya Dongobesh, shikamoo za sauti, za maandishi, Imakulata na shikamoo ya Babati. Herman, ambaye hakuwa hata kwenye grupu, akasimama kutoka kwenye gunia akasema "Shikamoo mzee!" kuelekea simu yangu. Abdulrahim kidole chake kilikuwa bado kwenye "Ondoa". Akakitoa, akabonyeza sehemu ya kurekodi, akasema kwa sauti ya mtoto wa madrasa: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," ikajibu sauti. "Wewe ni Abdulrahim wa Zubery. Baba yako aliniuzia za kwanza kuvaa shingoni, na yeye ndiye alinipa jina. Mungu amweke. Sasa wewe, mtoto wa Zubery, unamwambia mke wa mwanangu aseme ananiuza. Mbele ya watu. Kwa simu. Mimi nina ng'ombe. Nina watoto. Nimefanya nini mpaka niuzwe?"

Abdulrahim alikalia kiti polepole.

Ujumbe wa mwisho ulikuwa mrefu, na mzee hakuwa anachekesha tena. "Huyu mama amekuja kwenye boma langu akiwa msichana. Ng'ombe wamekuja wameisha, mvua imekuja imekataa. Amegombana na mume wake, amegombana na mama mkwe. Hata siku ya hasira hajanitaja. Amelitunza jina langu kama maziwa kwa kibuyu, hajamwaga tone. Hakuna mtu amenipa heshima kama hiyo, hata watoto nimezaa. Leo mnataka amwage yote, kwa sababu gani? Mtu wa Dar atafute kwa simu? Jina ni langu. Mwenye kulitaja ni mimi. Haya sikieni: SHANGA! SHANGA! SHANGA! Ziko kwake. Ni nzuri. Nunueni. Mkwe, endelea."

Perpetua hakuinua shuka. Nilidhani analia, nikamshika bega, nikakuta linatikisika kama siku ile ya maboksi. Alikuwa anacheka. Kisha kikawa kilio, kisha sijui kikawa nini, akajipangusa kwa kiganja, akanyoosha mkono nikamrudishia simu yake. Akabonyeza, na safari hii ukucha haukugeuka mweupe.

"Baba, nimesikia," alisema. "Wanagrupu, mimi ni Perpetua wa Getanuwas. Ninauza hizo alizosema baba."

Imakulata alikuwa wa kwanza kujibu. Aliandika: "Nahitaji alizosema baba, mikanda ya harusi, kila mwezi. Na jina lako liwepo." Herman akaomba mmoja papo hapo kwa ajili ya mke wake Mary, akasema ameambiwa unaleta wanaume nyumbani mapema, ila yeye hachelewi, ni kwa tahadhari tu.

Abdulrahim alitaka kubadilisha jina la grupu, kwa nia njema, ili Perpetua aweze kulitamka. Akamwomba mzee ruhusa. Mzee akajibu kwamba wakiondoa jina lake na yeye anaondoka, pamoja na ng'ombe. Jina likabaki. Siku hizi kila tangazo la Perpetua lina sauti mbili: ya kwanza ya mzee akijitaja kwa nguvu zote, mara nyingine mara nyingi kuliko inavyohitajika, na ya pili ya Perpetua akieleza yaliyobaki. Kanuni ya Abdulrahim ya kutafuta kwenye simu imekufa kifo chake, maana wateja hawaandiki tena shanga. Juzi mama mmoja wa Mwanza aliingia kwenye grupu na kuuliza, "Samahani, mna alizosema baba za watoto?" Wala hakuuliza baba gani.

Siku ya mnada uliofuata mzee alikuja dukani mwenyewe. Mwembamba, mrefu, fimbo mkononi, shuka jipya, na kiunoni mkanda ambao niliijua mikono iliyoushona. Tulimwamkia wote, mpaka wapita njia. Perpetua alisogea pembeni kwa heshima, akainamisha kichwa. Mzee hakumtazama, naye ana heshima zake, lakini aliushika ule mkanda kidogo, mahali ambapo angeuona.

Kisha akasimama mlangoni, akanyoosha fimbo juu. "Hapo pameandikwa nini?"

Hakuna aliyetaka kusoma. Abdulrahim alinitazama, mimi nikatazama pakiti zangu. Mwishowe mdogo wangu akameza mate.

"Imeandikwa... Shanga, jumla na rejareja, mzee."

"Jumla ni nini?"

"Ni kuuza kwa pamoja. Vyote."

"Na rejareja?"

"Kidogo kidogo. Kipande kipande."

Mzee alinitazama mimi, akatazama maandishi ya baba yetu. "Jumla iache," alisema. "Zubery alikuwa rafiki yangu. Lakini hiyo nyingine futa. Mimi siuzwi kipande kipande."

Abdulrahim alipanda juu ya stuli na kopo la rangi siku hiyohiyo, bila hoja hata moja. Sasa wateja wananiuliza kama nimeacha kuuza rejareja. Sijaacha. Ila Perpetua akiwepo dukani, mteja akitaka kidogo, ninamwelekeza kwa kidole na kumwambia achukue zile.